Sadaka ya Siku Moja na Mgonjwa wa Miaka Mingi

Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu, Dadamu, Arua

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mauti na uhai, Mwenye kuteremsha maradhi na Mwenye kuteremsha shifaa. Na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, wazee na vijana, na akina mama mliohudhuria, jambo lililokusudiwa kuelezwa leo ni jambo la mchango na mgonjwa. Zamani mtu wa Dadamu akifikwa na shida, kijana alipanda baiskeli akaenda Arua mjini, na khabari ikachukuliwa kwa mdomo mpaka kwa jamaa walioko Koboko na Yumbe, na mchango ukarudi baada ya siku nyingi. Leo picha ya mgonjwa hupigwa asubuhi kwa simu, na kabla ya adhuhuri imekwisha kufika Kampala, na Juba, na kwa watoto walio ng'ambo. Na jioni fedha zimekwisha kuingia katika simu ya mwenye nyumba. Hii ni neema, wala haifai kuikana. Lakini kila neema itaulizwa ilivyotumiwa. Basi swali la leo ni hili: je, mchango unaokuja kwa haraka hivi unamtosha mgonjwa ambaye maradhi yake hayana haraka?

Ili jambo hili lieleweke vizuri, ni kheri kwanza kuitazama khabari ya mchango mmoja uliopata kuenea duniani kuliko michango mingi, kisha kurudi hapa nyumbani.

Mwaka 2014, katika miezi ya Julai na Agosti, watu wa Marekani walianza mchezo wa kujimwagia ndoo ya maji ya barafu kichwani. Sharti lake lilikuwa hivi: mtu hutajwa kwa jina na mwenziwe, na kabla ya saa 24 kupita ama ajimwagie maji ya barafu, ama atoe dola 100 kwa ajili ya wagonjwa wa maradhi yaitwayo ALS; na wengi walifanya yote mawili. Kisha naye hutaja majina ya wengine, na hao wengine wengine, mpaka khabari ikatambaa kama moto katika nyasi za kiangazi. Wachezaji wa mpira walijimwagia, na mawaziri, na matajiri, na watoto wa shule. Wenye Facebook walihesabu picha za kutembea zaidi ya milioni 17 zilizowekwa katika msimu ule mmoja.

Mchezo wa maji ya baridi ulikuwako kabla ya hapo, na kila mtu aliutumia kwa sadaka aipendayo. Ulifungamana na maradhi haya kwa sababu ya nyumba moja. Mwezi Julai mwaka ule, mcheza gofu mmoja wa Florida, Chris Kennedy, alimtaja binamu wa mkewe, Jeanette Senerchia wa mji wa Pelham, karibu na New York, ambaye mumewe Anthony alikuwa ameugua ALS tangu mwaka 2003. Kutoka nyumba hiyo khabari ikamfikia Pat Quinn wa Yonkers, kijana aliyeambiwa ana maradhi hayo mwaka 2013, na Pete Frates wa karibu na Boston, aliyekuwa nahodha wa timu ya mpira wa besiboli katika chuo chake, ambaye tabibu alimpa khabari hiyo mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 27. Vijana wawili hao na marafiki zao ndio walioisukuma ndoo ile mpaka ikavuka bahari.

Na maradhi yenyewe ni haya. Katika ubongo na katika uti wa mgongo mna mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwa misuli. Mtu akitaka kuinua mkono, amri hupita humo. Katika maradhi ya ALS mishipa hiyo hufa kidogo kidogo, na misuli isiyopata amri hunywea. Mmoja huanza kwa mkono usioweza kufunga kifungo, mwingine kwa mguu unaoburura, mwingine kwa ulimi mzito. Kisha mgonjwa hushindwa kutembea, kisha hushindwa kusema na kumeza, na mwisho hushindwa kuvuta pumzi. Aghlabu tangu dalili ya kwanza mpaka mauti ni miaka miwili hadi mitano, ingawa wapo walioishi zaidi sana. Yule mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Stephen Hawking, aliambiwa ana maradhi hayo mwaka 1963 naye akafariki mwaka 2018. Na jambo lililo zito kuliko yote ni kwamba kwa wagonjwa wengi akili hubaki nzima. Mtu husikia, huona, humtambua mwanawe anapoingia, hukumbuka deni lake na sala zake, wala hawezi kuinua hata kidole. Dawa ya kuyaponya haijapatikana mpaka leo.

Basi mchango ule uliletea chama cha Marekani kinachoshughulikia maradhi hayo dola milioni 115 katika majuma machache, fedha ambazo chama hicho hakikupata kuziona kabla yake. Na chama kilitoa hesabu mbele ya watu: milioni 77 zilikwenda katika uchunguzi wa maradhi, milioni 23 katika kuwahudumia wagonjwa, milioni 10 katika kuelimisha watu na matabibu, na milioni 5 zilizosalia katika gharama za uchangishaji na za kupokea fedha. Mwaka 2016 wataalamu waliosaidiwa na fedha zile walitangaza kwamba wametambua jeni moja, iitwayo NEK1, yenye uhusiano na maradhi hayo. Dawa moja iliyosaidiwa na mchango ule iliruhusiwa Marekani mwaka 2022. Kisha ilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi zaidi haikuonekana kufaa, na mwaka 2024 wenye kuitengeneza wakaiondoa wenyewe. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: hupiga hatua mbele, na mara nyingine hurudi nyuma. Lakini hapana awezaye kusema kwamba ndoo zile zilikuwa upuuzi mtupu.

Ila yapo mambo mawili katika khabari hiyo ambayo watu hawakuyatangaza sana, na hayo ndiyo yenye mafunzo.

La kwanza, mwaka uliofuata, 2015, ndoo zililetwa tena mwezi wa Agosti. Maradhi yalikuwa yale yale, na wagonjwa walikuwapo. Lakini kilichopatikana kilikuwa sehemu ndogo sana ya kile cha mwaka wa kwanza, kwani watu walikuwa wamekwisha kucheka, na wamekwisha kujionyesha, na jambo jipya lilikuwa limekwisha kuwa la zamani.

La pili ni khabari ya Pete Frates mwenyewe. Mtu huyu, ambaye jina lake lilikusanya mamilioni, alizaliwa binti mwaka huo huo wa 2014, naye hakuweza kumbeba kama baba wengine wabebavyo watoto wao. Baadaye alihitaji mashine ya kumvutisha pumzi, na wauguzi wa usiku na mchana nyumbani kwake. Na mwaka 2017 ilijulikana kwamba gharama ya kumtunza nyumbani imefika makumi ya maelfu ya dola kila mwezi, na kwamba jamaa zake wameelemewa, hata ikabidi uanzishwe mfuko mwingine wa kuwasaidia yeye na wagonjwa kama yeye watunzwe majumbani. Tazameni jambo hilo, ndugu. Dunia nzima ilijimwagia maji kwa ajili yake, na miaka mitatu baadaye nyumba yake ilikuwa inatafuta nani atalipa zamu ya usiku. Anthony Senerchia alifariki mwaka 2017. Pete Frates alifariki Desemba 2019, ana miaka 34. Pat Quinn alifariki Novemba 2020, ana miaka 37. Mwenyezi Mungu awape subira waliobaki nyuma yao.

Haya hayasemwi kwa kuwalaumu Wamarekani. Yanasemwa kwa sababu hali ni ile ile hapa, ila ndoo ndiyo haipo. Barafu si kitu cha kila nyumba Dadamu, na maji hubebwa kichwani katika madumu kutoka kisimani. Mtu akimwaga dumu zima kwa mchezo, mama yake atamwuliza ni nani atakayerudi kuteka jingine. Na sheria ya Kiislamu imekataza ufujaji wa maji hata katika udhu, hata kando ya mto. Lakini simu zipo, na picha zipo, na moyo wa kutoa kwa siku moja kisha kusahau upo vile vile.

Na uchukuliwe mfano wa fundi cherehani mmoja, ambao ni mfano wa nyumba nyingi. Mtu huyu alikuwa na kibaraza chake karibu na soko la Arua, akishona kanzu za Idi na sare za watoto wa shule. Siku moja mkasi ulimponyoka. Alicheka, akauokota. Baada ya mwezi ulikuwa unamponyoka kila siku. Baada ya miezi sita mguu wake wa kulia ulikuwa ukiburura vumbi, na watu wakaanza kunong'ona. Kila mtu hapa anajua jinsi neno sumu linavyokuja mdomoni upesi katika Arua. Walisema jirani amemtilia kitu katika chai. Akapelekwa kwa waganga, huyu akachukua mbuzi, na huyu akachukua cherehani moja kati ya mbili, na jirani asiye na hatia akaacha kusalimiwa. Ukapotea mwaka mzima kabla hajafikishwa hospitali kuu ya Arua, na kutoka hapo Kampala, ambako tabibu alimweleza ukweli.

Hapo mwanawe mkubwa akapiga picha, akaipeleka katika simu za jamaa. Na jamaa hawakuwa wabaya, la. Katika juma moja zilifika shilingi milioni tatu. Zililipa nauli na vipimo, zikanunua godoro zuri na kiti cha magurudumu. Watu walimtumia maneno ya dua kwa mamia. Juma la pili zilifika shilingi laki mbili. Mwezi wa pili hakikufika kitu. Kwa kila aliyetoa, jambo lilikuwa limekwisha; na kwa fundi, lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Akaugua miaka mitatu. Mkewe alikuwa akiamka mara nne kila usiku kumgeuza, ili ubavu usifanye kidonda. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, kwa kuwa akiharakishwa hukabwa. Mgonjwa haulizwi uji, wasema wahenga, lakini huyu hata angeulizwa asingeweza kujibu, maana sauti ilikuwa imekwenda. Alisema kwa macho: kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni siyo. Adhana ilipoadhiniwa, macho yake yaligeuka upande wa msikiti. Na sheria imempa ruhusa mtu kama huyo kusali kwa ishara ya macho, na asiyeweza maji kutayamamu kwa mkono wa mwenziwe. Lakini huyo mwenziwe yuko wapi? Mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa akimpangusa vumbi la tayamamu usoni kabla ya kwenda shule, na alasiri akirejea humkuta baba amemngoja.

Kisha fundi akafariki. Na siku ya maziko turubai mbili hazikutosha. Magari yalitoka Koboko, wengine walitoka Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ng'ombe alichinjwa, rambirambi ziliandikwa katika daftari kurasa tatu. Waliokuja kumzika walikuwa wengi kuliko waliopata kumgeuza kitandani. Na mjane, alipokuwa ameketi ndani pamoja na wanawake, alisikiwa akisema kwa sauti ya chini, "Laiti mmoja katika hawa wote angekuja Jumanne moja tu, nikalala."

Ndugu Waislamu, neno hilo la mjane ndilo lililoandikiwa hotuba hii.

Kufiwa na mtu wa maradhi ya namna hii hakufanani na kufiwa kwa ghafla. Mwenye kufa kwa ajali hufiwa mara moja. Lakini nyumba yenye maradhi haya hufiwa kila mwezi: mwezi huu wamefiwa na mkono wa baba, mwezi ule na hatua zake, mwezi mwingine na sauti yake iliyokuwa ikiwaita kwa sala ya alfajiri. Huzuni hiyo haina matanga. Hapana anayekuja kutoa pole kwa sababu sauti imekwenda. Basi mke na watoto huilia peke yao, kisha siku ya mauti watu hushangaa wanapowaona wamekauka machozi, na wengine husema maneno mabaya. Hawakukauka. Walikwisha kulia miaka mitatu nyuma, usiku, pasipo shahidi.

Wala maradhi yanayomla mtu pole pole si hayo tu. Yapo ya kutetemeka, yaitwayo Parkinson. Huko Buganda watu wengi waliyadhania kuwa buko, yaani adhabu ya kuvunja mwiko wa wakwe, hata kikaanzishwa chama ambacho jina lake lenyewe ndilo somo: Parkinson's Si Buko. Yapo maradhi ya kusahau kwa wazee, na yapo ya kupooza. Katika yote haya mgonjwa hudhulumiwa mara mbili: kwanza na maradhi, pili na maneno ya watu. Na mwenye kueneza neno la sumu au la uchawi bila ushahidi ajue kwamba amekula nyama ya ndugu wawili, mgonjwa na mshukiwa.

Wengi hapa wanamjua Muhammad Ali, bondia Muislamu wa Marekani, aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, na redio zikapelekwa vibarazani ili watu wasikie. Mwaka 1984 matabibu walimwambia ana maradhi ya kutetemeka. Ulimwengu ulimlilia mwaka 1996, alipowasha mwenge wa michezo ya Olimpiki mjini Atlanta na mkono wake ukitetemeka mbele ya macho ya mamilioni. Lakini ulimwengu ulimwona kwa dakika chache. Mkewe Lonnie, aliyeolewa naye mwaka 1986, akiwa mgonjwa tayari, alikaa naye mpaka alipofariki tarehe 3 Juni 2016, yaani karibu miaka 30. Na mwaka 1997 ilifunguliwa katika mji wa Phoenix nyumba ya kuwatibu wenye maradhi hayo, yenye jina lake, ambayo ilikuwa ikisaidiwa na karamu ya mchango iliyofanywa kila mwaka, si mwaka mmoja. Hapo pana tofauti ya kutazamwa. Kutoa kwa kishindo kulianzisha, na kutoa kwa kurudiarudia kukaendeleza.

Na kabla ya hao wote yupo Nabii Ayyub, amani imshukie, ambaye wazee wamesimulia kwamba watu walimkimbia katika maradhi yake marefu, akabaki mkewe. Hakumponya mumewe, hakuwa na uwezo huo. Alikuwapo tu. Na Mungu alipotaka kumwafu mja wake, alimtolea maji ya baridi chini ya mguu wake, ya kuoga na ya kunywa.

Sasa yafaa kusema mafundisho, na kisha matendo.

Fundisho la kwanza ni la nia. Qurani tukufu, katika sura ya Al-Baqara, haikukataza sadaka ya wazi; imeikubali, kisha ikaitukuza zaidi ile ya siri inayomfikia fukara. Sadaka ya wazi ina kazi yake, nayo ni kuwaamsha waliolala. Ubaya huingia pale mtoaji anapomtazama anayemtazama badala ya kumtazama mgonjwa.

Fundisho la pili ni la sitara. Mgonjwa ni mtu mwenye heshima yake. Kumpiga picha akiwa uchi wa kifua, mate yakimtoka, na kuipeleka picha hiyo kwa watu elfu ili wapate huruma, ni kumvua nguo mtu asiyeweza kujifunika. Aulizwe kwanza, hata kama jawabu lake ni kufumba jicho. Akikataa, iandikwe khabari bila picha. Mwenye kutoa kwa ajili ya Mungu atatoa.

Fundisho la tatu ni la amana. Fedha za mgonjwa si mali ya aliyepiga picha. Chama kile cha Marekani, chenye mamilioni, kilisema kila milioni ilikokwenda. Basi mchango wa shilingi laki tano wa Dadamu unashindwaje kusomwa hesabu yake? Penye hesabu iliyofichwa shetani hana haja ya kubisha hodi.

Fundisho la nne, nalo ndilo kubwa, ni la kudumu. Katika mafundisho ya Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, amali ndogo inayodumu ni bora mbele ya Mungu kuliko kubwa inayokatika. Haba na haba hujaza kibaba.

Ama matendo, hayahitaji Marekani wala barafu. Yanatosha mambo manne.

Kwanza, liwekwe daftari moja msikitini la wagonjwa wa muda mrefu wa mtaa, Waislamu na majirani wasio Waislamu, kwani haki ya jirani haikuulizia dini yake. Daftari hilo lisiandike sadaka. Liandike majina ya wagonjwa na siku za zamu.

Pili, ziwekwe zamu. Wanaume kwa mgonjwa mwanamume, wanawake kwa mgonjwa mwanamke. Usiku mmoja kwa juma, watu wawili. Kazi yao ni kumgeuza, kumnywesha, kumtayamamisha, kumsomea akipenda, na kumwacha mwenye kuuguza alale. Vijana ishirini wakikubali, kila mmoja atafikiwa na zamu mara moja tu katika majuma kumi. Je, kuna kijana asiyeweza usiku mmoja katika siku sabini?

Tatu, kila nyumba itoe shilingi 1,000 kwa juma. Nyumba 100 zikitoa, ni shilingi 100,000 kwa juma, na kwa mwaka ni shilingi 5,200,000. Hizo ni nyingi kuliko mchango wote wa fundi yule, wala hapana aliyeumia kuzitoa. Ziwekwe na watu watatu, mmoja wao mwanamke, na hesabu isomwe kila mwezi baada ya sala ya Ijumaa. Zinunue sabuni, maziwa, nguo za kitanda, na nauli ya kumleta mwuguzi.

Nne, mgonjwa apelekwe mapema kwa tabibu, na maumivu yake yasiachwe. Tangu mwaka 1993, ilipoanzishwa Hospice Africa Uganda, nchi hii imejifunza kuwatunza wagonjwa wasio na tumaini la kupona, na kuwapa mofini ya kunywa ya kutuliza maumivu makali. Na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wameruhusiwa kuiandika dawa hiyo wenyewe. Basi jamaa waulize hospitalini huduma hiyo inapatikanaje. Kutokupona si sababu ya kutotunzwa.

Na baada ya mauti, kazi haijaisha. Mjane yumo katika eda miezi minne na siku kumi, naye ametoka katika miaka ya kukesha. Zamu za akina mama ziendelee mlangoni kwake siku hizo zote, si siku tatu za matanga tu. Watoto waliokosa shule kwa ajili ya kumwuguza baba warudishwe shule. Cherehani iliyochukuliwa na mganga ikiweza kurudi, irudi.

Mwenye kuona picha katika simu akatuma shilingi elfu kumi, amefanya jema, na Mungu amlipe. Lakini asijidanganye kwamba amekwisha. Amefungua mlango tu. Mgonjwa yuko ndani, na usiku ni mrefu, na mwenye kuuguza amechoka.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wa Dadamu na wa Arua nzima, na wale ambao ajali yao imekaribia wapunguzie maumivu na uwape khatima njema. Wape nguvu wanaouguza. Warehemu waliotangulia. Na uwajaalie jamaa hawa wawe watu wa Jumanne, si watu wa maziko peke yake.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.